Crawford na Spence au Mayweather na Pacquiao: lipi la kumwonyesha kijana wa ndondi?

Kocha mwenye vijana kumi na simu moja hawezi kuwaonyesha kila pigano. Akipata jioni moja ya kukaa nao chini baada ya mazoezi, simu imeegemezwa kwenye ndoo ya maji au, bahati ikiwepo, jirani amewafungulia runinga yake, itambidi achague. Kwa wanaopigana uzani wa kilo 67 na wa karibu nao, mapigano mawili hutajwa kuliko mengine yote: la Floyd Mayweather na Manny Pacquiao la 2015, na la Terence Crawford na Errol Spence la 2023. Yote mawili yalisubiriwa kwa miaka. Yote mawili yalipigwa Las Vegas Jumamosi usiku, na Mombasa ikawa ni Jumapili asubuhi, jua limeshatoka, watu wamebanana kwenye mabanda ya video na kahawa mkononi. Na yote mawili yakaelemea upande mmoja, watu wakatoka wakilalamika.

Nitoe jibu mapema kwa asiye na muda: ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua la Crawford na Spence. La Mayweather na Pacquiao ni zuri, lakini linamfaa kijana aliyekwisha kukaa kwenye mazoezi miaka kadhaa, na ukimwonyesha mapema linaweza kumharibu. Sisemi hivi kwa mapenzi. Mwaka 2015 moyo wangu wote ulikuwa kwa Pacquiao, kama wengi niliokaa nao asubuhi ile.

Wapo watakaouliza kwa nini nimeacha la Lennox Lewis na Mike Tyson la 2002, ambalo nalo lilingojewa sana na likawa la mtu mmoja mpaka nokauti ya raundi ya nane. Jibu ni kwamba Tyson wa 2002 hakuwa tena Tyson wa 1988, na mtoto akitazama mtu aliyechoka akipigwa hapati cha kubeba. Haya mawili ni tofauti. Walioshindwa walikuwa bado mabondia wakubwa, wakiwa na mipango na makocha wa hali ya juu, na mpango ukakataa. Pale ukataapo ndipo penye somo.

Yalivyosubiriwa

La Mayweather na Pacquiao lilianza kuzungumzwa mwishoni mwa 2009. Mazungumzo yakavunjika kwa ugomvi wa kupimwa damu, yakarudi, yakavunjika tena. Walipopanda ulingoni MGM Grand tarehe 2 Mei 2015, Mayweather alikuwa na miaka 38 na Pacquiao 36, na Pacquiao alikuwa ameshalazwa chini na Juan Manuel Marquez Desemba 2012 katika raundi ya sita, nokauti ya kutisha. Hata hivyo liliuzwa mara milioni 4.6 kwenye runinga za kulipia Marekani. Mayweather hakuwa amepoteza hata moja kati ya 47.

La Crawford na Spence nalo lilikuwa na danadana zake, likaanguka mara moja mwaka 2022, kisha likafungwa kwa tarehe 29 Julai 2023 katika ukumbi wa T-Mobile. Hapa hakuna aliyewahi kushindwa: Crawford 39, Spence 28. Spence alishika mikanda mitatu ya ubingwa wa dunia, ya mashirika ya WBA, WBC na IBF. Crawford alikuwa na wa WBO. Mshindi angeondoka na yote minne. Crawford alikuwa ameshafanya hivyo katika uzani wa chini yake mwaka 2017 kwa kumwangusha Julius Indongo wa Namibia. Mtu angeweza kumtabiria yeyote kati ya hawa wawili bila kuchekwa.

Kwa upande wa hamu, basi, la 2023 lilikuwa la haki zaidi. La 2015 lilikuja limechelewa, na wengi tulilijua hilo tukajifanya hatulijui.

Namba zinavyosema

Hapa ndipo nilipobadilisha mtazamo wangu kuhusu mapigano haya mawili, na naomba kila kocha azitazame namba hizi polepole.

Kwa hesabu za CompuBox, wale wanaohesabu makonde yaliyorushwa na yaliyofika, Mayweather alifikisha 148 kati ya 435. Pacquiao alifikisha 81 kati ya 429. Mwaka 2023 Crawford alifikisha 185 kati ya 369, na Spence 96 kati ya 480.

Watazame kwanza walioshindwa. Pacquiao: asilimia 19. Spence: asilimia 20. Ni kama mtu mmoja! Kila makonde matano waliyorusha, moja tu ndilo lililofika. Mmoja alipigwa na bondia anayekimbia, mwingine na bondia anayesimama na kujibu, lakini wote wawili walikuwa wakipiga hewa na glovu kwa kiasi kilekile.

Tofauti iko kwa washindi. Mayweather alifikisha kama theluthi moja ya makonde yake, wastani wa 12 kwa raundi. Crawford alifikisha nusu, na kwa kuwa pigano halikufika hata mwisho wa raundi ya tisa, wastani wake ni karibu 21 kwa raundi. Kwa maneno mengine, kinga zao zilikuwa sawa kwa ubora, ila Crawford aliongeza adhabu juu ya kinga. Ndiyo maana la 2015 liliisha kwa pointi, 118 kwa 110 kwa jaji mmoja na 116 kwa 112 kwa wawili, na la 2023 likaisha mwamuzi Harvey Dock akiwa amemkinga Spence kwa mwili wake zikiwa zimepita dakika 2 na sekunde 32 za raundi ya tisa.

Sasa nenda ndani zaidi, kwenye ngumi ya mbele, ile vijana wanayoiita jabu. Pacquiao alifikisha jabu 18 katika raundi zote 12. Kumi na nane! Mayweather 67. Spence, ambaye jina lake lote limejengwa juu ya jabu, alifikisha 33, na Crawford 87.

Huko ndiko mapigano yote mawili yalikoamuliwa. Maneno mengine yote, ya umri, ya bega, ya gari, ya uzani, yanakuja baada ya hili.

Visingizio viwili, na uzito wa kila kimoja

Pacquiao alisema baada ya pigano kwamba bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu mazoezini. Si uongo: alifanyiwa upasuaji siku chache baadaye. Usiku wenyewe aliomba sindano ya kutuliza maumivu na tume inayosimamia ndondi jimbo la Nevada, liliko Las Vegas, ikamkatalia kwa kuwa jeraha halikutangazwa mapema kwa njia inayotakiwa. Watu wengi walilichukulia hili kama hadithi ya mtu aliyeshindwa. Mimi nalichukulia kwa uzito, kwa sababu Pacquiao ni mashoto. Kwa mashoto, mkono wa kulia ndio wa mbele. Bega likikataa, jabu inakufa, na bila jabu mtu mfupi hawezi kumfikia mrefu. Mikono ya Pacquiao ikinyooshwa hufika sentimita 170, ya Mayweather 183. Sentimita 13 si mchezo kwa mtu asiye na ngumi ya mbele ya kumfungulia njia.

Lakini kusema bega ndilo lililompoteza kunamnyima Mayweather haki yake. Raundi ya nne Pacquiao alimpata kwa mkono wa kushoto, akamsukumia kwenye kamba na kumwagia makonde mfululizo. Bega lilelile, usiku uleule. Tazama Mayweather anafanya nini: anajikunja, viwiko vimebana mbavu, glovu juu, anaacha yapite, kisha anatikisa kichwa. Kuanzia hapo hakurudi tena kwenye eneo lile kizembe. Bega liliharakisha jambo ambalo lingetokea tu.

Kwa Spence watu wanataja ajali. Oktoba 2019 gari lake lilipinduka Dallas, akarushwa nje. Ukitazama picha za gari lile unashukuru Mungu kwamba yu hai. Kisha Agosti 2021 akapatikana na tatizo la jicho, akakosa pigano na Pacquiao mwenyewe. Wanaosema Spence wa 2023 hakuwa Spence kamili wana hoja, na pia alikuwa na miezi 15 bila kupanda ulingoni, huku mwili wake ukizidi kupata taabu kushuka hadi uzani ule. Yeye mwenyewe aliomba marudiano katika uzani wa juu.

Hata hivyo, baada ya ajali Spence alimshinda Danny Garcia Desemba 2020, na Aprili 2022 akamsimamisha Yordenis Ugas katika raundi ya kumi. Mtu aliyekwisha hamfanyi Ugas vile. Na kuna jambo ambalo wanaotaja ajali huwa hawalitaji: majaji wote watatu walimpa Spence raundi ya kwanza. Kadi zilikuwa 79 kwa 70 kwa majaji wote kabla ya pigano kusimamishwa, na hesabu hiyo haipatikani ila Spence awe ameshinda moja na kupoteza saba, na zile alizoangushwa zikakatwa pointi zake. Mtu aliyekuja amevunjika hachukui raundi ya kwanza mbele ya Crawford. Alikuja na mpango wake uleule wa siku zote, ukafanya kazi dakika tatu, kisha ukafunguliwa kama kopo.

Crawford alivyofanya

Crawford kuandika anaandika kwa mkono wa kulia, lakini alipigana upande wowote. Usiku ule alichagua kusimama kama mashoto, sawa na Spence. Maana yake mkono wake wenye nguvu ukawa ndio ulioko mbele. Kila jabu iliyomfikia Spence ilikuwa imebeba uzito wa mkono ambao mabondia wengi huuweka nyuma kwa ajili ya kumaliza kazi. Tena mikono yake ni mirefu kuliko ya Spence, sentimita 188 kwa 183, ingawa kwa kimo Spence amempita kidogo. Kijana akitazama picha za mizani anadhani Spence ndiye mkubwa. Ulingoni, mwenye mkono mrefu ndiye mkubwa.

Raundi ya kwanza Crawford alikuwa anasoma. Spence anaingia na jabu, Crawford anaipokea kwenye glovu, anarudi hatua, anatazama. Ukisitisha video hapo utaona jambo ambalo kila kocha wa Mombasa amelipigia kelele: Spence akirusha jabu, kichwa kinaifuata mbele na kinabaki palepale katikati. Mkono unarudi, kichwa hakiondoki. Kwa wapinzani 28 hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa jabu yake ilikuwa inawavunja kabla hawajajibu.

Mwishoni mwa raundi ya pili Crawford akajibu. Mkono wa kushoto ulionyooka, kisha jabu ya kulia palepale, na Spence akakaa chini kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kulipwa. Irudie hiyo mara nyingi. Konde la mwisho lililomweka chini ni jabu! Vijana hawaamini mpaka waone kwa macho yao, kwa sababu wamezoea kuidharau, wanaitumia kama salamu tu kabla ya konde kubwa.

Raundi ya saba ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote. Spence anaingia tena kwa njia ileile, na Crawford anampandishia konde fupi la kulia kutoka chini wakati yeye bado yuko njiani. Hakumsubiri afike. Spence akaanguka, akainuka kwa moyo wa kiume, na kabla raundi haijaisha akaangushwa tena kwa konde la kulia la kupinda. Makonde yote mawili ya raundi ile yalitoka kwenye mkono wa mbele.

Hiki ndicho kinachofundishika. Kijana wa Majengo au Likoni mwenye miezi sita ya mazoezi anaweza kukifanyia kazi kesho: mwenzake arushe jabu polepole, yeye azuie kwa glovu ya nyuma na kujibu kwa ya mbele wakati uleule. Hahitaji macho ya ajabu. Anahitaji kurudia mpaka kikae mwilini.

Mayweather alivyofanya

Njia ya Mayweather ni kuondoa shabaha. Pacquiao anazoea kuingia na kutoka kwa pembe, miguu yake hufanya nusu ya kazi. Mayweather akampa ulingo mpana, anateleza pembeni, na kila Pacquiao anapojipanga kurusha anamkuta hayupo pale. Akikaribia kweli, anamkumbatia. Mwamuzi Kenny Bayless akiwatenganisha, wanaanza tena mbali, na umbali ule ni wa Mayweather. Silaha yake kuu ilikuwa mkono wa kulia ulionyooka, ule wa nyuma, anaouanza bila kutanguliza jabu, dawa ya zamani dhidi ya mashoto.

Ni kazi ya hali ya juu, na nikiitazama leo naiheshimu kuliko nilivyoiheshimu siku ile. Ila ina masharti matatu. Inataka miguu isiyochoka. Inataka macho yanayoona konde kabla bega halijasogea. Na inataka raundi 12, maana mtu anayesoma kwa utulivu anahitaji muda wa kusoma.

Vijana wetu wengi wanapigana ndondi za ridhaa, raundi tatu za dakika tatu. Raundi moja ya kusoma ni theluthi ya pigano lote. Crawford naye alisoma raundi nzima, ndiyo, lakini alichosoma alikitumia mara moja. Mayweather hukusanya kidogo kidogo mpaka mpinzani akate tamaa, na katika raundi tatu hakuna muda wa kumkatisha mtu tamaa.

Kuna hatari nyingine ambayo ndiyo inayonifanya niwe mkali. Mtoto akimtazama Mayweather, kitu cha kwanza anachoiga ni mkono wa mbele ulioshushwa kiunoni na bega lililoinuliwa kukinga kidevu. Halafu anakuja mazoezini hivyo. Unamwambia ainue mkono, anakujibu, "Kocha, mbona Mayweather hushusha?" Kweli hushusha. Lakini amekuwa ulingoni tangu utotoni, baba yake na ami zake wote mabondia, na anajua wakati gani aushushe na wakati gani auinue. Dhidi ya Pacquiao, tazama vizuri, mara nyingi mkono haukuwa chini vile. Dhidi ya mashoto hatari yake ni kubwa, na mwenyewe alilijua hilo. Mtoto haoni sehemu hiyo. Anaona mkao tu, anaubeba, na kwenye pigano lake la kwanza Tononoka analipwa kwa konde la kulia la kichwa.

Lipi kwa nani

Kijana mpya, au yule mwenye moyo wa kwenda mbele lakini anaingia na kichwa: Crawford na Spence, bila kufikiri mara mbili. Na mwambie amtazame Spence zaidi ya Crawford, kwa sababu Spence ndiye anayefanana naye.

Kijana mashoto: Crawford na Spence tena. Ni nadra kupata mashoto wawili wa kiwango kile wakipambana, na wengi wa mashoto wetu huchanganyikiwa kabisa siku wanapokutana na mwenzao. Wamezoea faida ya kuwa wageni machoni pa mpinzani. Siku hiyo ugeni haupo, na anayeshinda ni mwenye mkono wa mbele ulio bora.

Kijana mrefu mwenye mikono mirefu na makonde mepesi, aliyekwisha pigana mara kadhaa na anajua kukaa kwenye ulingo bila hofu: huyu mpe Mayweather na Pacquiao. Atajifunza kwamba umbali ni mali yake na asiugawe bure. Mwonyeshe pia namna Mayweather anavyokumbatia, kwa tahadhari, kwa sababu katika ridhaa mwamuzi atakuonya na kukukata pointi haraka zaidi.

Kijana mfupi ndiye mwenye shida. Angependa aonyeshwe namna ya kumshinda mrefu, na katika mapigano haya mawili mfupi wa mikono alishindwa yote mawili. Mimi humpa ile raundi ya nne ya Pacquiao peke yake. Kuna sekunde ambazo njia ilifunguka: alirusha kushoto wakati Mayweather amemaliza hatua na hajaanza nyingine. Sekunde zile zinamtosha kwa jioni moja.

Na kwa kocha mwenyewe, chaguo si la kubishana. Lazima atazame la Crawford na Spence, kwa ajili ya kona, yaani kazi ya kocha aliye pembeni mwa ulingo.

Kona

Spence aliangushwa mara mbili katika raundi ya saba. Alirudi kwenye kiti, akatoka kwa ya nane, akapigwa, akarudi, akatoka kwa ya tisa. Aliyesimamisha pigano ni mwamuzi. Simlaumu kocha wake wa wakati ule, Derrick James, kwa kuwa ni mtu anayemjua Spence kuliko sisi sote, na ni pigano la maisha yake. Bondia mwenyewe alikuwa anataka kuendelea. Mabondia wa aina yake hawaombi kutoka kamwe. Lakini nikiwa na kocha kijana kando yangu humwuliza: wewe ungemtoa lini? Baada ya ya saba? Katikati ya ya nane? Na humtaka ajibu kwa kutaja dalili, asiniambie ni moyo tu. Miguu ilikuwaje alipoinuka? Jabu yake ilikuwa bado inarudi, au imebaki kuning'inia? Alikuwa anajibu makonde, au anayapokea tu?

Kenya tunalo la kukumbuka katika hili. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988 katika uzani huuhuu, na fainali aliimaliza kwa nokauti ya raundi ya pili dhidi ya Laurent Boudouani wa Ufaransa. Akahamia ndondi za kulipwa. Julai 1994, katika mji uleule wa Las Vegas, alipanda ulingoni dhidi ya David Gonzales, mwamuzi akalisimamisha pigano, na Wangila akafariki siku chache baadaye kwa majeraha ya kichwa. Huyo ndiye bingwa wetu mkubwa wa kilo 67. Kila ninapotazama raundi ya nane na ya tisa za Spence jina lake hunijia, na sioni aibu kulisema mbele ya vijana.

La Mayweather na Pacquiao halina swali hilo. Pacquiao alimaliza raundi 12 akiwa amesimama, akiamini kabisa kwamba ameshinda. Kwa wazazi wanaokuja kutazama mazoezi na bado wana wasiwasi na mchezo huu, labda hilo ndilo la kuanzia.

Kama bando ni dogo

Si kila mtu atamaliza pigano zima. Mpangilio ninaotumia ni huu. Anza na raundi ya kwanza ya Crawford na Spence, waache vijana waseme nani ameshinda; wengi watasema Spence, na watakuwa sawa na majaji. Ruka hadi dakika ya mwisho ya raundi ya pili. Kisha raundi ya saba yote, mara mbili, ya pili bila sauti, kila mmoja akitazama mkono wa mbele wa Spence tu na kuhesabu ni mara ngapi kichwa kimebaki katikati baada ya jabu. Kikibaki kitu kwenye bando, weka raundi ya nne ya Mayweather na Pacquiao, na baada yake ya tano mara moja, ili waone Mayweather alibadilisha nini kwenye miguu katika dakika moja ya kukaa kitini.

Halafu waingie ulingoni jioni ileile, kabla hawajasahau, wawili wawili, jabu na jibu, mkono wa mbele peke yake kwa raundi tatu nzima. Atakayeshusha wa nyuma aanze upya.